U2 laivu: ziara ipi iliwakuna zaidi wakuu?

Kijiwe cha Gitaa
Habari za jioni wakuu. Mimi U2, ile bendi ya roki ya Ireland, naijua kwa DVD za ziara zao tu, ninayo Zoo TV ya Sydney 1993, PopMart ya Mexico City 1997 na 360° ya Rose Bowl 2009, na kila nikizirudia naona kama bendi tatu tofauti kabisa. Kwenye Zoo TV steji imejaa skrini na vigari vya Trabant vimening'inizwa juu vikimulika kama taa, PopMart jamaa wanatoka ndani ya limau kubwa linalong'aa, halafu 360° steji yenyewe ndio lile dude la miguu minne. Sasa nauliza mliowahi kuingia wenyewe, tofauti hiyo mnaisikia kwenye muziki au ni mapambo tu? Maana kwenye DVD kamera ndiyo inakuchagulia pa kutazama. Na hasa namuulizia Edge, mpiga gitaa wao, lile gitaa lake likipigwa uwanjani linafika vipi?

Mbongo wa Jozi
Mkuu mimi nilikuwepo Johannesburg, FNB Stadium, Februari 2011, watu zaidi ya 90,000. Kiukweli lile dude halikuwa pambo. Steji ya kawaida inakaa upande mmoja wa uwanja na nusu ya viti vinapotea, ile wameiweka ndani ya uwanja, spika na skrini vyote vimebebwa na ile miguu, kwa hiyo watu wanaizunguka bendi pande zote. Tulisimama katikati ya steji na ile njia ya duara inayoizunguka, kulikuwa na madaraja yanatembea juu ya vichwa vyetu, na Edge akapita hapo juu anapiga, unaona kabisa vidole vinavyobana nyuzi. Halafu skrini ikaanza kunyooka kushuka chini kama wavu, uwanja mzima kelele. Ila kwangu mimi kilele ni pale Hugh Masekela alipopanda na tarumbeta yake kwenye wimbo wa I Still Haven't Found, aisee watu walilia. Sauti sasa, nisikudanganye, uwanja mkubwa una mwangwi, gitaa la Edge lenyewe tayari lina mwangwi wake kwa hiyo kuna nyimbo zilichanganyikana kidogo.

Mzee wa Kaseti
Hapo kwenye mwangwi ndipo ninapowaambia watu siku zote, U2 kaisikilize ndani ya ukumbi. Mimi niliwaona kwenye ziara ya Elevation pale ukumbi wa Earls Court, London, Agosti 2001. Baada ya PopMart na limau lake (ambalo Oslo liligoma kufunguka na wao wakiwa ndani) walirudi na steji ya umbo la moyo basi. Wanaingia taa za ukumbi zinawaka, hamna giza hamna moshi, wanaanza kupiga mnatazamana usoni, taa zinakuja kuzimwa baadaye. Ilikuwa wiki ileile baba yake Bono, mwimbaji wao, alifariki na jamaa akaendelea kupanda jukwaani, sijawahi kusikia mtu anaimba wimbo wa Kite namna ile na sitegemei kusikia tena. Gitaa lilikuwa safi, kila pigo limekaa pake, na besi ya Adam unaisikia kifuani.

Lakini msiidharau PopMart. Septemba 1997 waliipeleka Sarajevo, mji ambao kwenye Zoo TV 1993 walikuwa wanaunganisha nao kwa setelaiti wakati umezingirwa na vita. Usiku ule sauti ya Bono ilimkatikia na uwanja ukamsaidia kuimba. Hilo limau lote lisingekuwa na maana bila safari ile.

Binti Drams
Mzee nakuheshimu lakini ukumbi wa siku hizi umefika mbali. Nilikuwa ukumbi wa Sphere, Las Vegas, 2023, wanapiga albamu yao ya Achtung Baby. Ukutani na juu kote ni skrini, kuna sehemu hadi unahisi dari linakushukia, ila kilichonishangaza ni sauti, unaongea na mwenzio kawaida na bado unasikia gitaa la Edge kila punje. Tatizo langu ni moja, Larry, mpiga drams wao, hakuwepo, alikuwa anajiuguza, drams alipiga Bram van den Berg. Anapiga vizuri sana tena kwa nguvu, ila Larry huwa anaacha nafasi, na ile nafasi ndiyo gitaa la Edge linapokaa. Niliisikia tangu wimbo wa kwanza. Na kuna dakika nikajikuta natazama dari tu, bendi nimeisahau.

Mzee wa Kaseti
Hilo la kuisahau bendi ndilo nalolisema mwanangu.

Mbongo wa Jozi
Kijiwe, kama ni Edge unayemtaka tafuta DVD ya Elevation ya Boston, 2001. Pale kamera iko karibu na steji haina vitu vingi vya kukuvuruga, sikiliza wimbo wa Bullet the Blue Sky kwa spika nzuri usitumie simu, halafu rudi hapa utuambie.

Kijiwe cha Gitaa
Naitafuta wikendi hii. Binti Drams, kwenye Zoo TV ya Sydney hiyo nafasi ya Larry niisikilizie wimbo gani?