Mashine ya kupuliza rangi nyumba nzima, ndani na nje: nichukue ipi?

WanaleChini
Jamani habari zenu. Nimejenga hapa Mbale nyumba ya vyumba vinne, skimu (lipu laini ya mwisho) imeisha wiki jana sasa nimebaki na rangi tu. Nje tulipiga rafukasti (lipu ya kukwaruza yenye vishimo), kuna ukuta wa ua mrefu na geti la chuma. Fundi wa brashi na rola amenipa hesabu ya wiki mbili na nusu, nikawaza si ninunue mashine nipulize na kijana wangu, amemaliza kozi ya ujenzi yuko tu nyumbani, baadaye aitumie kutafutia kazi. Juzi nilishuka Kampala nikazunguka hadiwea za Nakasero nikaonyeshwa tatu: kompresa na bunduki yake ya kikombe, kile kidogo cha mkononi cha umeme, na ealesi yenye pampu na mpira mrefu. Muuzaji anasema zote zinapiga rangi ya maji. Ni kweli? Na mvua za Machi hizo zinakuja.

FundiNtinda
Mzee hongera kwa nyumba. Muuzaji hajakudanganya ila amekuambia nusu. Rangi ya maji inapita kwenye zote, swali ni inapita ikiwa nzito kiasi gani. Bunduki ya kompresa ni ya watu wa magari na ya hilo geti lako, kwa ukuta itabidi uijaze rangi maji mpaka iwe kama uji wa mgonjwa, halafu haizibi, unapiga mikono minne skimu bado inachungulia. Kile cha mkononi vilevile, kwenye milango na grili kinatoa kitu laini sana, ila kikombe chake ni kama lita moja, sasa huo ukuta wa ua utajaza mara ngapi?

Nyumba nzima ni ealesi. Yenyewe haichanganyi hewa, inafyonza rangi moja kwa moja kwenye ndoo ya lita 20 na kuisukuma kwa presha inayofika hata PSI 3000 (PSI ni kipimo cha presha), ndo maana rangi nzito inapita. Lakini dukani uliza kwanza inabeba nozeli, ile ncha inayotoa rangi, kubwa ya ngapi. Nozeli zina namba tatu, mfano 517: hiyo 5 zidisha mara mbili unapata upana wa mpigo, inchi 10 ukisimama sentimita 30 kutoka ukutani, na 17 ni tundu lenyewe, sehemu 17 za elfu ya inchi. Ndani 515 au 517 inatosha, rafukasti mi huwa napanda 519 hadi 521, milango na geti kwa rangi ya mafuta nashuka 311 hivi. Sasa vimashine vya bei ya chini vingi mwisho wake ni 515, ukikilazimisha 521 presha inaanguka na ukuta unatoka na michirizi.

Na rafukasti usipulize ukaondoka! Mmoja apulize, mwingine afuate hapohapo na rola la manyoya marefu rangi ikiwa bado mbichi, la sivyo inakaa juujuu ya vile vishimo, baadaye inabanduka. Hiyo ndo kazi ya kijana.

Kiyira77
Naongezea mzee, angalia umeme. Shemeji alinitumia ealesi kutoka Boston, mashine nzuri kabisa, nikaichomeka hapa Jinja sikusoma kibandiko, ilikuwa ya volti 120 na huku kwetu ni 240, moshi ukatoka kabla sijagusa rangi. Motor ikafa siku hiyohiyo. Pia usitumie ekstensheni nyembamba ndefu, pampu inakosa nguvu, afadhali uongeze mpira wa rangi kuliko waya. Na chuja rangi kwa soksi ya nailoni hata kama ndoo ni mpya, ile ngozi ya juu ndo inaziba nozeli.

Adungu_Gulu
Kuna kitu hamjasema na mi nakisema kwa uchungu kwa sababu nilikuwa site siku hiyo. Tairi ya gari ndogo ina kama PSI 30, hii mnayoisifia ni 3000. Mwenzetu nozeli iliziba akaifuta kwa kidole presha ikiwa bado ndani, rangi ikaingia chini ya ngozi. Kidonda kilikuwa kama cha sindano, hata hakikuuma sana, akafunga kitambaa akaendelea na kazi. Usiku mkono umevimba mpaka kiwiko, na kidole alikuja kukatwa. Sasa mwambie kijana wako: kabla ya kugusa nozeli anazima mashine, anafungua vali ya kurudisha rangi, anafyatulia bunduki ndani ya ndoo mpaka presha iishe, anafunga loki. Kila mara. Na ikimchoma hata kidogo ni hospitali saa ileile, awaambie daktari ni rangi imeingia kwa presha, wasimpe plasta ya kidonda wakamrudisha nyumbani.

WanaleChini
Asanteni sana, hiyo ya kidole sikuijua kabisa, nimempa kijana asome mwenyewe. Nimeelekea ealesi inayobeba 521. Madirisha nimeshaweka vioo, hapo nafanyaje?

FundiNtinda
Ziba kila kitu, nailoni na mkanda wa karatasi, vioo, taili, soketi, na gari la jirani lisogezwe kwa sababu ukungu wa rangi unasafiri. Kuziba kunaweza kula siku nzima au zaidi na kupuliza kukawa nusu siku, usikate tamaa ukaona unapoteza muda. Nje anza asubuhi upepo ukiwa umetulia, rangi ikauke kabla ya mvua ya mchana. Jioni osha pampu na mpira mpaka maji yatoke safi bila rangi, zikilala na rangi usiku mmoja tu umenunua chuma. Kijana ajifunze kwanza na maji matupu kwenye ukuta wa ua upande wa nyuma, mkono uende sambamba na ukuta usiuzungushe kama unafagia, kila mpigo ufunike nusu ya uliopita. Akiweza hapo ndo aingie sebuleni.

WanaleChini
Sawa fundi. Jumamosi tunaanza na maji.