Kompyuta ikipima sitiskani ikakadiria utaishi muda gani, mgonjwa aambiwe?

MLETA MADA: Wakuu habari za jioni. Kuna kitu wataalam wanaita radiomiksi, yani picha ya sitiskani ya mapafu badala ya daktari kuiangalia kwa macho tu, programu inaupima uvimbe kwa namba, umbo lake, weupe na weusi wake, ulivyo laini au wenye madoa madoa, halafu inakadiria mgonjwa ataishi sana au kidogo. 2014 watafiti wa Maastricht kule Uholanzi na wenzao walichukua picha za wagonjwa 1,019 wa kansa ya mapafu na ya kichwa na shingo, wakapima vitu 440 kwenye uvimbe, wakachuja wakabaki na vinne tu vya kutabiria. Mimi msimamo wangu aambiwe. Mtu ana kiwanja hakijaandikwa jina, ana watoto wa mama tofauti, ana mkopo wa vikoba, unamficha ili iweje?

CHUMBA CHA X-REI: Mleta mada, kujua sawa, ila kujua nini hasa? Kipimo chao kwenye kundi la mapafu walilojaribia kilipata kama 0.65, maana yake ukichukua wagonjwa wawili wawili kinapatia nani atatangulia kama mara 65 kwa 100, na ukirusha shilingi unapata 50. Sasa sikia hii, 2019 watu wa Toronto wakachukua data hizohizo wakazivuruga chembechembe za picha hovyo mpaka ule mpangilio wa ndani ya uvimbe ukapotea kabisa, na utabiri ukabaki vilevile! Kumbe sehemu kubwa kilikuwa kinasoma ukubwa wa uvimbe. Uvimbe mkubwa hali mbaya, hilo hata bibi yangu analijua na hajawahi kushika kompyuta. Na mimi kazi yangu ni hizi picha, ukibadilisha mashine au unene wa vipande vya picha au ukiweka ile dawa ya mshipani ya kufanya picha ionekane vizuri namba zinabadilika, mgonjwa akivuta pumzi vibaya zinabadilika, hata aliyechora mpaka wa uvimbe akiwa mwingine zinabadilika.

BINTI WA KIGAMBONI: Mbona daktari akisema kansa iko hatua ya nne, yani ya mwisho, hamlalamiki? Si utabiri huo pia? Hata hivyo lengo sio kumtangazia mtu kifo, ni kujua nani apewe dawa kali na nani aachwe asiteswe bure. Kama ukubwa wa uvimbe ndio unasema kila kitu basi wapime ukubwa, rahisi.

CHUMBA CHA X-REI: Hapo tumeelewana dada. Kipya kimshinde kwanza cha zamani ndio tukiamini, sio kuvalishwa suti tu.

MTOTO WA MZEE: Nyie mnabishana namba za Uholanzi. Baba yangu alikohoa, makohozi yakapimwa hayakuonyesha kitu, hospitali fulani wakamwanzishia dawa za TB hivyohivyo, akamaliza dozi anakonda tu, tukaenda mbele tukaambiwa sitiskani, tukachangishana ukoo mzima, kufika kansa imeshatambaa kwenye ini. Hiyo programu ingemwambia nini ambacho shati lake lilivyompwaya halikutuambia? Na mapafu yake yalikuwa na makovu ya TB ya ujanani kabisa, mashine iliyofundishwa kwa wazungu makovu hayo itayaonaje?

BINTI WA KIGAMBONI: Pole sana kaka. Hilo la makovu sikuliwaza.

MLETA MADA: Pole mkuu. Basi nirekebishe, mgonjwa aambiwe ila na daktari wake anayemjua, na aambiwe hiyo namba inakosea kiasi gani, sio karatasi imetoka kwenye printa umepewa mkononi ukasome kwenye daladala. Ila hilo la wazungu linanisumbua, maana ili ifundishwe kwa mapafu yetu picha zetu lazima zitumike. X-rei, huko kwenu mgonjwa huwa anaombwa ruhusa?

CHUMBA CHA X-REI: Anasaini fomu. Kusoma anachosaini ndio sijawahi kuona.