Naomba ushauri: kuku wa mayai wanakula mayai yao

Wakuu, heshima kwenu. Nafuga kuku wa mayai 12 uani hapa Morogoro, ndiyo mara yangu ya kwanza. Walianza kutaga wakiwa na wiki 20 hivi, nikawa naokota mayai 9 mpaka 10 kwa siku, raha tupu.

Sasa kuna balaa. Mayai mengine yanatoka na ganda laini, ukiyagusa yanabonyea, na kuku mmoja mwekundu, upanga wa kichwani umemwangukia upande, ameshajua utamu wake. Nikichelewa tu asubuhi nakuta vipande vya ganda na ute umegandia kwenye maranda. Wenzake nao wanaiga.

Chakula ni cha dukani cha kuku wanaotaga, gramu 120 kwa kila mmoja, maji hayakatiki, chanjo ya mdondo narudia kila miezi mitatu. Jirani anasema niwakate midomo, ila roho inasita.

Chokaa ya mifugo nichanganye kwenye chakula, au niweke kwenye chombo chake wadonoe wenyewe? Viota viwili vinatosha kweli? Nikivitundikia kiroba viwe na giza itasaidia? Na huyo kinara, nimtenge au ndiyo supu?