Hilux inagonga mbele kushoto: nitajuaje ni boljointi kabla sijanunua vipuri?

MizigoKayole: Habari zenu wadau. Pikapu ni Hilux ya 2008, 4x4, springi za koili mbele. Nikipita tuta polepole inagonga kushoto, na tairi la upande huo limelika kwa ndani. Fundi wa kwanza anataka boljointi zote nne (viungo vinavyozunguka, vinavyounganisha gurudumu na mikono ya chesisi, juu na chini kila upande). Wa pili aliinua gari kwa chesisi, akatikisa tairi, akasema iko sawa. Nimsikize nani?

Fundi_Makadara: Ndugu, huyo wa pili alipima vibaya. Kwenye gari hiyo springi inaukandamiza mkono wa chini, yaani chuma kinachotoka kwenye chesisi hadi kwenye gurudumu. Ukiinua kwa chesisi, boljointi inabaki imevutwa na springi na haionyeshi mchezo (kulegea) hata kama imekwisha. Weka jeki chini ya mkono wa chini, karibu kabisa na boljointi, kwenye ardhi ngumu, na uzuie magurudumu ya nyuma kwa mawe. Tairi likiachana na ardhi sentimita 3 hivi, tia mtaimbo chini yake, mwenzako alinyanyue polepole, nawe uweke kidole kwenye kiungo cha boljointi ya chini, kisha ya juu. Utahisi ikiruka. Halafu lishike tairi juu na chini, ulisukume na kulivuta.

Likicheza, mwambie mtu akanyage breki. Mchezo ukipotea, tatizo ni beringi ya habu, kitovu cha gurudumu. Ukibaki, rudi kwenye boljointi. Ukilishika kushoto na kulia likacheza, angalia tai rodi, fimbo inayogeuza tairi kutoka kwenye usukani. Usiache kukagua linki za stabilaiza (fimbo inayozuia gari kuinama kwenye kona) na bushi za mikono (mipira kwenye maungio yake na chesisi), maana nazo hugonga vilevile na bei yake ni ndogo.

Grisi_Umoja: Tazama pia mpira unaofunika boljointi. Ukipasuka, vumbi la murram na maji ya mvua huingia, grisi inageuka kuwa msasa. Mpira uliopasuka ni sababu tosha ya kubadilisha hata kama mchezo bado haujaonekana.

MizigoKayole: Nimepima hivyo. Ya chini kushoto inaruka wazi, ya juu imetulia. Breki ikikanyagwa bado inacheza. Naweza kubadilisha mwenyewe?

Fundi_Makadara: Basi usibebe mzigo tena kabla hujabadilisha. Ya chini ndiyo inayobeba uzito, na ikichomoka tairi linalala chini ya fenda, huna usukani.

Kazi yenyewe: legeza nati za tairi gari likiwa chini, inua, weka stendi chini ya chesisi, lakini jeki ibaki chini ya mkono wa chini muda wote. Hapa ndipo watu huumia, kwa sababu mkono ukiachiwa ghafla springi inausukuma chini kwa nguvu. Kalipa (inayobana breki) ukiitoa, ifunge juu kwa waya, isining'inie kwenye hosi ya breki. Kama kuna waya wa ABS (breki zisizofunga tairi), uachilie kwanza. Toa splitipini (pini inayozuia nati isilegee), legeza nati yenye meno, ila iache ishike nyuzi chache ili kiungo kisiruke kikiachia. Tumia pula, kifaa cha kutenganisha kiungo. Usipoipata, gonga ubavu wa chuma kilichoshika msumari wa boljointi (ncha yake yenye nyuzi), siyo msumari wenyewe. Ile uma ya kupigilia huiachia haraka lakini hupasua mpira, kwa hiyo inafaa tu kwa boljointi inayotupwa.

Kurudisha: tundu linaloingia msumari lisafishwe likauke, bila grisi. Likiwa limepanuka au lina alama za kuliwa, boljointi mpya italegea, badilisha chuma chenyewe. Kaza kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) kulingana na kitabu cha gari. Tundu la splitipini lisipolingana, kaza zaidi kidogo, usilegeze kamwe. Splitipini iwe mpya.

Vipuri_Kirinyaga: Kuhusu kununua: kwanza chungulia yako imeshikwaje. Kuna zinazofungwa kwa bolti na kuna zinazosukumwa kwa presi na kuzuiwa na saklipu, pete ya chuma. Ya presi isipigwe nyundo, peleka mkono kwa fundi mwenye presi. Bushi zikiwa zimekwisha pia, mkono mzima huwa nafuu kuliko kulipia kazi mara mbili. Na ukisikia "tutaipiga weldi kidogo ishike", ondoka. Moto unaua plastiki iliyo ndani na grisi, na mkono wenyewe unadhoofika.

MizigoKayole: Na ya chini kulia, ambayo bado haichezi?

Fundi_Makadara: Zimetembea kilomita zilezile kwenye barabara ilezile. Mimi ningebadilisha za chini zote mbili, za juu nikaziacha. Bolti za bushi za mikono zikaze gari likiwa chini, limebeba uzito wake, la sivyo mpira unakaa umejipinda na kukatika mapema. Siku hiyohiyo nenda alaimenti (kunyoosha tairi), na nati za tairi uzikaze tena baada ya kilomita 50 hadi 100.