Kazi ya kukaa kutwa, nikiinuka wateja wanahama. Nifanyeje?

Mama Wawili: Wakuu, shikamooni. Nina kibanda cha uwakala hapa Dodoma, karibu na Sabasaba. Nakaa saa 1 asubuhi hadi saa 2 usiku, kiti cha plastiki, magoti yanagusa droo ya hela. Nasikia si vizuri kukaa muda mrefu bila kuinuka, ila nikitoka mteja anahamia kwa jirani. Kuna mazoezi ya kufanya hapohapo kitini? Msinitukane.

Zabibu Kavu: Uwakala bado unalipa? Laini yangu ipo, anayeitaka anitafute pembeni.

Konda Mstaafu: Miaka 14 nimening'inia mlangoni njia ya Nkuhungu, kitambi sikijui. Dereva wangu tulikuwa rika moja, yeye akatangulia kumeza vidonge vya presha. Vijana mnapenda viti.

Mwalimu wa Makulu: Konda hajakosea. Mwaka 1953 Jerry Morris alichapisha utafiti kuhusu mabasi ya ghorofa ya London: madereva waliugua moyo kuliko makonda waliokuwa wakipanda na kushuka ngazi. Na mwaka 2023 Chuo Kikuu cha Columbia, New York, waliona kutembea dakika 5 kila nusu saa kunapunguza sana sukari kupanda baada ya kula. Dakika 1 kila saa haikusaidia sukari, presha tu ndiyo ilishuka kidogo. Ila walipima watu 11, hawajazi hata Hiace.

Mtani wa Mvumi: Mwite fundi akuinulie kaunta, uhudumie umesimama. Ukihesabu noti, inua visigino.

Nesi wa Zamu: Dada, kazi hii hukuianza leo. Kuna kinachokuuma?

Mama Wawili: Miguu inajaa jioni, kawaida tu.

Nesi wa Zamu: Miguu au mguu?

Mama Wawili: Wa kushoto. Tangu Jumatatu. Kigimbi kinauma nikikanyaga, na kina joto. Ni kukaa tu, halafu maji nakunywa kidogo, maana choo ni cha kulipia na nikienda nafunga kibanda. Kuna mama nimeshampa elfu tano anikande Jumamosi.

Nesi wa Zamu: USIKANDWE. Kigimbi ndiyo pampu ya kurudisha damu juu, usipokitumia damu inatuama. Mguu mmoja kuvimba hivyo huenda damu imeganda kwenye mshipa, na bonge likikatika linakwenda mapafuni. Hospitali leo. Ukibanwa pumzi ghafla au kifua kikiuma, ni dharura.

Mama Wawili: Mwisho wa mwezi huu, watu wanatoa mishahara. Na huyo mama alimkanda dada yangu akapona. Jumatatu nitaenda.

Zabibu Kavu: Wakuu, hii chai haina hata tangawizi. Juzijuzi akaunti hii ilikuwa Kondoa inauza alizeti. Subirini, sasa hivi anaingia mtu na namba ya soksi za kubana.

Mtani wa Mvumi: Mie nanunua, ilimradi zisinuke.

Mama Wawili: Alizeti ni za mume wangu, akaunti tunatumia wote!

Konda Mstaafu: Mume yuko Kondoa, wewe Sabasaba. Uzi mwingine huo.

Nesi wa Zamu: Chai au si chai, mwenye mguu wa hivyo anayesoma hapa aondoke sasa. Dada, unatumia vidonge vya majira?

Mama Wawili: Ndiyo.

Nesi wa Zamu: Nenda navyo, uwaonyeshe.

Mama Wawili: Niko foleni, kibanda kashika mdogo wangu. Mama wa kukanda amegoma kurudisha elfu tano.

Zabibu Kavu: Tupia picha ya foleni.