Malalamiko: nimeuziwa diski mbili za seva, ya kwanza haifai kwa kazi hiyo, ya pili imetumika saa 31,412 ikaitwa mpya

Wakuu, ninaandika nikiwa na hasira, na ninaomba mnisome hadi mwisho, kwa kuwa yaliyonipata yanaweza kumpata yeyote anayejiundia seva ya kuhifadhi mafaili nyumbani kwa vifaa vya madukani kwetu.

Seva yangu niliiunda mwaka 2021 kwa kompyuta ya ofisini iliyokwishatumika, memori ya gigabaiti 16, mfumo wa TrueNAS na diski 4 za terabaiti 4 kila moja. Nimezipanga kwa mtindo wa RAIDZ1, yaani diski moja ikifa data zinabaki, zikifa mbili hakuna kinachobaki. Humo ndimo ninamohifadhi video za harusi na sendofu ninazowapigia wateja, pamoja na picha zote za marehemu baba yangu. Mwezi uliopita umeme ulikatika na kurudi mara tatu katika usiku mmoja, na kulipokucha diski moja ilikuwa imekufa.

Nilikwenda Kariakoo nikiwa nimeishika ile iliyokufa. Nilimwonyesha muuzaji lebo yake, nikamweleza kwa lugha iliyonyooka kwamba ninataka diski ya CMR, yaani ile ambayo njia zake za data hazilaliani, kwa ajili ya seva inayowaka usiku na mchana. Akanijibu, "Hii ndiyo yenyewe, kaka, wenye seva wote wanachukua hii." Nikalipa shilingi 380,000 na kupewa risiti.

Nilianza kazi ya kuijenga upya data Ijumaa baada ya magharibi. Kwa muda wa saa moja hivi mambo yalikwenda vizuri, kasi ikiwa megabaiti 130 kwa sekunde. Baadaye ikashuka hadi 40, kisha 9, na makadirio ya kumaliza yakaruka kutoka saa 8 hadi siku 6. Jumapili alfajiri mfumo uliitupa nje diski hiyo kwa madai kwamba haijibu. Kwa siku zote hizo seva ilikuwa inategemea diski tatu zilizobaki, na kama moja kati ya hizo ingechoka, picha za baba zingekuwa zimekwenda. Mafaili ya wateja nina nakala yake mahali pengine. Picha hizo nilikuwa sina, na hilo ni kosa langu ambalo nimekwisha kulirekebisha.

Nilipoitafuta namba ya modeli kwenye orodha ya mtengenezaji, nikakuta ni SMR. Kwa wasiofahamu, katika diski za aina hiyo njia za data hulaliana kama makuti paani, kila moja ikifunika ukingo wa jirani yake, ili ziingie nyingi zaidi katika sahani moja. Kuzisoma hakuna taabu. Taabu huja katika kuandika upya, kwa sababu huwezi kubadilisha kuti la katikati bila kuyafumua yaliyolalia juu yake na kuyapanga tena. Diski hujificha kwa kuandika kwanza kwenye eneo dogo la akiba, na eneo hilo likijaa, inakwama. Anayehifadhi filamu za kutazama huenda asilione tatizo hata siku moja, ila anayejenga upya RAIDZ kwa kuandika terabaiti nzima bila kupumzika ataliona usiku wa kwanza.

Wala si siri mpya. Aprili 2020 kampuni ya diski ya Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za WD Red, za terabaiti 2 hadi 6, zilikuwa SMR ilhali zilikuwa zikiuzwa kwa ajili ya seva za kuhifadhi data, na wakati huohuo Seagate na Toshiba nazo zikabainika kuwa na modeli za SMR ambazo hazikuelezwa wazi. Tangu hapo taarifa hizo zinapatikana kwa modeli nyingi. Muuzaji wa vifaa vya kompyuta asiyetofautisha CMR na SMR miaka hii yote baadaye ameamua tu kutojua.

Niliporudi dukani aliniambia, "4TB ni 4TB, bosi wangu." Baada ya mabishano marefu alikubali kunibadilishia kwa nyongeza ya shilingi 60,000, akanipa nyingine ndani ya plastiki iliyofungwa, "mpya kabisa". Nilipoifungua nyumbani nikaona mikwaruzo ya mviringo kuzunguka matundu ya skrubu, na mstari mwembamba uliochubuka kwenye meno ya dhahabu pale kebo ya SATA inapoingia. Nikaendesha smartctl, programu inayosoma kumbukumbu za afya ya diski. Saa za kuwashwa: 31,412. Mwaka mzima una saa 8,760, kwa hiyo diski hiyo "mpya" ilikuwa imefanya kazi kwa zaidi ya miaka mitatu na nusu.

Sikatai vifaa vilivyotumika. Kompyuta yenyewe ni ya mtumba na niliambiwa hivyo, nikalipa bei ya mtumba. Prosesa ya zamani inatosha kabisa kwa seva ya nyumbani, memori iliyotumika ama inapita vipimo ama haipiti, na pawa saplai pekee ndiyo ninayoshauri mnunue mpya. Diski ni jambo tofauti kwa kuwa ina umri, na umri huo ndio bei yake. Uniuzie yenye saa 30,000 kwa bei ya saa 30,000, nitaichukua na kuiweka kwenye seva ya akiba. Kuifunga plastiki na kuiita mpya ni wizi, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza muuzaji kumpotosha mnunuzi.

Tena afadhali yangu haikuchezewa namba. Januari 2025 iliripotiwa Ujerumani kwamba diski za Seagate zilizokwishatumika zilikuwa zikiuzwa na wafanyabiashara kama mpya huku saa zake zikiwa zimerudishwa sifuri, na wanunuzi wakagundua ukweli kwa kusoma kumbukumbu ya ndani iitwayo FARM. Mwenye diski za kampuni hiyo asome kumbukumbu hiyo, asiridhike na saa za kawaida pekee.

Jumatatu ninarudi dukani na laptop yangu, adapta ya USB, risiti zote mbili na ripoti ya smartctl niliyoichapisha. Nitadai fedha zangu zote 440,000, kwa kuwa kubadilishiwa mara ya tatu sitaki. Wenye kulifahamu duka, Dar es Salaam au kwingineko, linaloandika modeli kamili kwenye risiti na kumruhusu mteja apime diski mbele ya muuzaji kabla ya kulipa, tafadhalini liandikeni hapa chini.