Re: Kiwanda chetu kimepata kazi ya vipuri vya ndege za kivita

Kijana wa Coventry:
Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Kuanzia mwezi ujao idara yetu hapa Uingereza itachonga vipuri vya ndege za F-35. Nikiuliza vinakwenda wapi, msimamizi anajibu "ghala la pamoja" basi. Mke wangu hataki mshahara huo uingie ndani. Viza yangu nayo inamtegemea mwajiri huyuhuyu, na nyumbani wadogo zangu wanasubiri ada. Nishaurini.

Mzee wa Bukoba:
Marahaba. Sitakwambia kila silaha ni haramu. Mwaka 1978 Amin alivuka mpaka, akatangaza ardhi yote hadi mto Kagera ni ya Uganda. Hatukumtoa kwa dua peke yake, mizinga ya Saba Saba ilinguruma. Kwa hiyo mimi huuliza: inakwenda kwa nani, akafanye nini?
Serikali ya Uingereza nayo ilijiuliza. Septemba 2024 ilisimamisha leseni kama 30, kati ya 350 hivi, za kuuza silaha Israel, ikisema kuna hatari ya wazi ya kutumika kuvunja sheria za vita. Vipuri vya F-35 vinavyopitia hilo ghala la nchi zote zenye ndege hizo, Israel ikiwemo, ikaviacha, eti kuvizuia kungekwamisha ndege za nchi zote washirika. Yaani hatari wameikiri, kisha wakaona usumbufu ni mzito zaidi. Mizani hiyo mimi siikubali. Mkeo ana hoja.

Binti wa Tanga:
Mzee wangu, kwa heshima, wewe una pasi ya hapa. Yeye akiacha kazi, kwa kawaida atapewa siku 60 apate mdhamini mwingine au aondoke. Waliotia saini leseni wanalala vizuri, tumkeshe huyu wa mashine?

Mzee wa Bukoba:
Sijasema aache kesho, binti yangu. Asijifariji tu kwamba "nikikataa mimi atafanya mwingine". Huyo mwingine ana dhamiri yake, atajibu ya kwake.

Binti wa Tanga:
Hapo sawa. Kaka, omba kuhamishiwa idara nyingine, kwa maandishi, mistari mitatu, siasa usiiguse. Huku ukitafuta: orodha ya waajiri wenye leseni ya kudhamini viza iko wazi kwenye tovuti ya serikali. Hakikisha kazi yenyewe na mshahara vinakidhi masharti ya viza, wengi hukwama hapo.

Kijana wa Coventry:
Asanteni sana. Upande wa vipuri vya magari wanahitaji mtu wa zamu ya usiku. Barua nimpe msimamizi au ofisi ya utumishi?

Binti wa Tanga:
Wote wawili, kwa barua pepe. Nakala jitumie kwenye anwani yako binafsi.